UZI MAALUMU: Kisiwa cha Myst – usitafute namba, tafuta namba inakotoka

Mwana_Uyole

Wakuu, mwagonile. Uzi huu ni wa wanaocheza Myst, gemu la mafumbo la kompyuta, na wamekwama. Swali linalorudi kila mara ni hili: "Nimeweka volti 59, nimeweka sefu 7-2-4, mbona hakuna kinachofunguka?"

Myst ilitoka Septemba 1993 kwenye Macintosh, kazi ya ndugu wawili, Rand na Robyn Miller, wa kampuni ya Cyan. Katika toleo hilo majibu ni yale yale kwa kila mchezaji, na ndiyo yaliyojaa mtandaoni. Lakini toleo jipya, lililotoka 2020 kwa miwani ya uhalisia pepe (VR) ya Quest na 2021 kwa kompyuta, lina chaguo la kuchanganya majibu unapoanza mchezo mpya. Ukiliwasha, namba za watu wengine hazikusaidii. Inabidi ujue kila namba imeandikwa wapi kisiwani na inapimwaje.

Kwa hiyo tukubaliane hapa: kila fumbo tueleze chanzo cha namba, jinsi ya kuisoma, na makosa yanayofanyika. Namba za toleo la 1993 tutaziweka kama mfano tu, ili mtu aangalie kama amesoma sawa.

Vitu vitatu viwe mezani kabla hujaanza: daftari, kalamu, na spika za masikioni zinazofanya kazi pande zote mbili. Simu pia, kwa kupiga picha kurasa za madaftari ya maktabani na kurekodi sauti.

Kazi ya kwanza ni swichi za alama. Ziko 8: gatini, kwenye gia kubwa, chumba cha nyota, roketi, kwenye kidimbwi chenye nguzo, nyumba ya matofali yenye jenereta, kibanda cha magogo, na mnara wa saa. Huo wa nane uko ng'ambo ya maji, hufiki mpaka daraja lipande, ndiyo maana wengi huhesabu 7 wakaishia hapo. Barua iliyoanguka njiani inataka idadi ya swichi ZOTE za kisiwa. Weka 08 kwenye mtambo wa picha uliomo kwenye chumba kilicho jirani na gati.

Binti_Tukuyu

Shukrani kwa uzi. Mimi ramani ya maktabani haionyeshi kitu cha maana, na ule mstari wa mnara uliochorwa hapo kwenye ramani nauzungusha lakini haubadiliki rangi. Tatizo nini?

Mwana_Uyole

Dada, ramani huonyesha yale maeneo ambayo swichi yake umeshaiwasha. Rudi ukaziwashe kwanza.

Kisha, usibofye mnara mara moja na kuachia. Bonyeza uushikilie, mstari uanze kuzunguka, na uachie pale unapogeuka mwekundu. Mistari myekundu yenye faida ni minne: gia, meli iliyozama, roketi na mti mkubwa. Baada ya hapo gusa ile picha ya ukutani yenye rafu ya vitabu. Mlango wa maktaba unafungwa na njia ya siri inafunguka. Panda lifti. Juu kuna ngazi mbili. Yenye alama ya kitabu inakuonyesha tu mahali ulipoelekeza. Yenye alama ya ufunguo ndiyo ina kibao chenye namba. Wapo wanaopanda ya kwanza, wanaona mandhari, wanashuka wakidhani wameshamaliza.

Ukirudi ukakuta maktaba haina mlango, gusa picha ya pili, ile ya mlango.

Kihesa_Juu

Kamwene wote. Naomba niongeze jambo moja kwa sisi tunaosoma saa kwa Kiswahili, maana hapa watu hupotea bila kujua.

Kibao cha gia katika toleo la zamani kinasema 2:40 na chini yake 2, 2, 1. Mtu anasoma "saa mbili na dakika arobaini", anaenda kwenye mnara wa saa na kuweka mshale mfupi kwenye 8, kwa sababu saa mbili yetu mshale unakaa kwenye 8. Hapana. Weka mshale kwenye tarakimu unayoiona: mfupi kwenye 2, mrefu kwenye 8. Kwa lugha yetu ni saa nane na dakika arobaini. Gurudumu moja linasogeza mshale wa saa, jingine wa dakika, na dakika zinaruka tano tano. Ukimaliza bonyeza kitufe chekundu, ndipo daraja la gia linapanda kutoka majini.

Ndani ya mnara kuna mtambo wa namba tatu, zinaanza 3-3-3. Leva moja inasogeza ya katikati pamoja na ya juu. Leva nyingine inasogeza ya katikati pamoja na ya chini. Siri iko kwenye kushikilia: ukivuta leva bila kuiachia, ile ya katikati peke yake inaendelea kuzunguka. Namba zinapita 1, 2, 3 kisha 1 tena.

Tupige hesabu ya 2-2-1. Ya juu itoke 3 iende 2, ni mivuto miwili. Ya chini itoke 3 iende 1, ni mvuto mmoja. Katikati imeshasogea mara tatu, imerudi 3. Inahitaji hatua mbili zaidi, basi mvuto wa mwisho uushikilie mpaka katikati isome 2, ndipo uachie. Hesabu hii inafaa kwa namba zozote utakazopewa: anza na ya juu na ya chini, katikati irekebishe mwisho kwa kushikilia. Jiwe la uzito hushuka kila unapovuta; likifika chini mtambo unagoma, nenda kwenye leva ya ukutani nyuma yake uanze upya.

Fundi_Mwanjelwa

Nachukua jenereta. Hapa wengi wanabonyeza hovyo mpaka breka inaruka, na hawajui imeruka.

Kibao cha roketi kinakupa volti zinazotakiwa. Toleo la zamani ni 59. Chumba cha jenereta kiko chini ya nyumba ya matofali, vitufe 10, mita mbili. Mita moja inaonyesha umeme unaozalishwa, nyingine unaofika kwenye roketi. Mita ya kwanza ikisoma na ya pili ikikaa sifuri, breka imeruka.

Fanya hivi. Washa kitufe kimoja, andika mita imesoma ngapi, zima. Nenda cha pili. Usiwashe viwili kabla hujamaliza vyote 10. Toleo la zamani safu ya kushoto ni 10, 7, 8, 16, 5. Ya kulia ni 1, 2, 22, 19, 9. Jumla yake 99. Sasa tafuta vinavyojumlika 59 kamili: 22 + 19 + 16 + 2. Majibu mengine yapo, lolote linalotua 59 bila kuzidi linatosha.

Njia inayoonekana ya haraka ni kuwasha vyote halafu kupunguza vyenye jumla ya 40. Hesabu yake ni sahihi, lakini usiifanye: ukiwa njiani unapita juu ya 59, na breka haisubiri umalize. Panda kutoka chini kila wakati.

Ikiruka, shusha kwanza volti zirudi pale panapotakiwa au chini yake, ndipo upande nguzo kurudisha breka. Ukirudisha mzigo ukiwa bado umezidi, itaruka tena na utashuka bure. Breka ziko kwenye nguzo mbili, moja jirani na nyumba ya matofali, nyingine upande wa roketi. Zikague zote mbili.

Binti_Tukuyu

Kaka Fundi, umeme nimepata, roketi imefunguka. Ndani kuna kinanda upande mmoja na vitelezi vitano upande wa pili. Sijawahi kusoma muziki.

Fundi_Mwanjelwa

Huhitaji kusoma muziki, dada. Noti tano zimechorwa kwenye daftari moja la maktabani, kwa mchoro wa funguo za kinanda. Zipige kwenye kinanda cha roketi kwa mpangilio ule huku simu inarekodi. Nenda kwenye vitelezi, cheza rekodi noti moja moja, pandisha kitelezi mpaka sauti zifanane.

Cha kukusaidia sikio ni hiki: kila hatua ya kitelezi ni nusu-toni, kwa hiyo hatua 12 ni oktava nzima. Katika toleo la zamani noti ya pili ni ile ile ya kwanza, imepandishwa oktava. Ukishapata ya kwanza kwa uhakika, hesabu hatua 12 juu, ya pili umeipata bila kusikiliza. Ukihesabu toka chini, vitelezi vinakaa 8, 20, 23, 13, 6. Kosa la kawaida ni kukosea kwa hatua moja. Sauti zinakaribiana mno, hasa kwa spika ya laptop penye kelele. Cheza rekodi na kitelezi moja baada ya nyingine mara tatu nne kabla hujaridhika.

Mdau_Mafinga

Meli na chumba cha nyota. Kibao kinatoa tarehe tatu: 11 Oktoba 1984 saa 10:04 AM, 17 Januari 1207 saa 5:46 AM, 23 Novemba 9791 saa 6:57 PM. Aliyosema Kihesa_Juu yanahusu na hapa: 10:04 AM iweke hivyo hivyo, usiigeuze kuwa saa nne.

Zima taa ya chumba kwanza, bila hivyo nyota hazionekani. Kaa kwenye kiti, ingiza mwezi, siku, mwaka na saa, kisha bonyeza kitufe. Chora nukta unazoziona, linganisha na michoro ya makundinyota kwenye daftari linalohusu ulimwengu wa meli. Kwa tarehe hizo utapata jani, nyoka na mdudu. Nenda kwenye nguzo za kidimbwi, bonyeza hizo tatu tu ziwake kijani, meli itaelea. Nguzo ya nne ikibaki imewaka kwa bahati mbaya, hakuna kinachotokea. Zungukia zote uhakikishe.

Mti ni mwepesi. Namba za kibao ni za sefu ya kibandani (7-2-4 kwa toleo la zamani). Ndani kuna kiberiti. Washa njiti, ipeleke kwenye kichomeo cha boila, zungusha gurudumu la gesi kufuata mshale wa saa mpaka mti upande. Kisha rudisha gesi na utoke haraka uende kwenye mti, uingie kilango chake kinapofika usawa wa ardhi. Ukichelewa umeshuka chini ya ardhi bila wewe, rudia.

Mwana_Uyole

Asanteni sana wakuu. Hayo manne yanakupeleka kwenye malimwengu manne: Mechanical, Selenitic, Stoneship na Channelwood. Nani ana Selenitic? Naona watu wengi wanaacha gemu pale kwenye treni la gizani.

Fundi_Mwanjelwa

Selenitic yote ni masikio. Kuna vituo vitano vya sauti: maji, moto wa kwenye ufa, saa, mawe ya fuwele na upepo wa pangoni. Kila kimoja kina kitufe cha maikrofoni chenye alama yake. Usipobonyeza kitufe hicho, kule mbele utazungusha dishi siku nzima bila kupata kitu.

Kwenye chumba cha mitambo unatafuta kila sauti kwa kuzungusha dishi. Aliyewahi kumwona fundi akitafuta masafa juu ya bati ataelewa mara moja: kwanza zungusha kwa haraka mpaka usikie dalili, kisha sogeza kwa sehemu ya kumi ya digrii. Usisimame unaposikia sauti yenye mikwaruzo. Simama inaposikika safi peke yake. Toleo la zamani: maji 153.4, moto 130.3, saa 55.6, fuwele 15.0, upepo 212.2. Zikishakaa zote tano, bonyeza kitufe cha jumla, mtambo utazipiga kwa mpangilio. Mpangilio ule ndio ufunguo wa mlango. Kwa toleo la zamani ni fuwele, maji, upepo, moto, saa.

Sasa treni. Kila unaposimama kuna mlio, na mlio ndio unakutajia upande wa kwenda. Milio ya msingi ni minne: kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Ikilia miwili pamoja ni pembe ya katikati, mfano mlio wa kusini na wa magharibi maana yake kusini-magharibi. Maana ya kila mlio inafundishwa Mechanical, kwenye ngome inayozunguka. Kwa hiyo nenda Mechanical KABLA ya Selenitic. Ukikosea njia tumia kitufe cha kurudi nyuma, usijaribu kujikomboa kwa kubahatisha.

Kwa toleo la zamani njia ni hatua 14: kaskazini, magharibi, kaskazini, mashariki, mashariki, kusini, kusini, magharibi, kusini-magharibi, magharibi, kaskazini-magharibi, kaskazini-mashariki, kaskazini, kusini-mashariki.

Kihesa_Juu

Kwenye Mechanical pana fumbo moja la lifti. Mitambo ya kuzungusha ngome iko JUU ya lifti. Panda hadi ghorofa ya juu, bonyeza kitufe cha katikati, toka mara moja. Lifti inashuka nusu bila wewe, na mitambo inajitokeza mbele yako. Leva moja inawasha mota, nyingine unaishikilia ngome izunguke. Hauoni nje, unasikiliza mlio inaposimama. Kabla ya hapo kafanye mazoezi kwenye mtambo mdogo wa mfano uliomo chumbani kwa Achenar, mmoja wa ndugu wawili wanaohusika kwenye hadithi ya gemu. Kaa nao, andika kila mlio na upande wake, maana daftari hilo ndilo litakalokuvusha kwenye treni alilosema Fundi. Unatafuta visiwa viwili, cha kaskazini na cha mashariki. Kila kimoja kina alama mbili, jumla nne, za kuweka kwenye paneli ya ngome.

Mkulima_Usangu

Wakuu, Channelwood niachieni mimi. Ni mfereji tu. Kinu cha upepo kinavuta maji, mabomba yanayasambaza juu ya dimbwi, na maji ndiyo yanayopandisha lifti na daraja.

Anayegawa maji kwenye mashamba ya mpunga anajua: kwenye njia panda maji yanakwenda upande mmoja, na ukitaka yafike shamba la mwisho unaanza kuhesabu milango kutoka shambani kurudi kwenye banio. Fanya hivyo hivyo. Simama kwenye lifti unayoitaka, fuata bomba lake kwa macho kurudi nyuma, kila koki uigeuzie upande uliotoka, mpaka kwenye kinu. Ukianza kinuni ukaja mbele, utageuza koki moja vibaya na hutajua ni ipi.

Na tega sikio. Bomba lenye maji linavuma, lisilo na maji liko kimya. Ukifika koki ambayo nyuma yake kunavuma na mbele kimya, basi tatizo liko hapo hapo, usiende mbali. Upande mmoja bomba limekatika. Pana hendeli ya kuzungusha, kipande kinarefuka mpaka kinagusa bomba la pili. Wengi hawaioni kwa kuwa wanatazama njia ya miguu badala ya bomba.

Binti_Tukuyu

Stoneship je? Sanduku lililo chini ya mnara wa taa halielei kabisa. Nimejaza maji, nimetoa, nimejaza tena.

Mdau_Mafinga

Umesahau koki, dada. Sanduku lina maji ndani, ndiyo maana ni zito. Mpangilio ni huu, na usiruke hatua:

Kausha mnara wa taa kwa kitufe cha pampu. Shuka mpaka kwenye sanduku. Fungua koki yake, maji yamwagike YOTE. Funga koki. Hapa ndipo palipokushinda: ukiiacha wazi, maji yanaingia tena pindi mnara unapojaa. Rudi, jaza mnara. Sanduku limejaa hewa, linapanda lenyewe mpaka juu, penye ufunguo uliofungwa kwa mnyororo. Fungua sanduku, chukua ufunguo uliomo, fungua mlango wa darini juu ya ngazi. Huko kuna jenereta ya mkono, zungusha mpaka betri ijae.

Umeme ukiwapo, nenda kwenye darubini juu ya mwamba, izungushe taratibu uone taa ya mnara inamulika kwenye digrii ngapi. Toleo la zamani ni 135. Kisha ingia chumba cha dira, ambacho mlango wake wa siri uko katikati ya njia ya kushukia vyumbani. Dira ina vitufe 32 kuzunguka. Gawa 360 kwa 32, kila kitufe ni digrii 11.25. Gawa 135 kwa 11.25 upate 12. Kwa hiyo anzia kitufe cha kaskazini kama sifuri, hesabu 12 kufuata mshale wa saa. Digrii zikiwa tofauti kwako, hesabu ni hiyo hiyo.

Ukibonyeza kisicho sahihi umeme unakatika na unarudi kuzungusha jenereta upya. Hesabu mara mbili, bonyeza mara moja.

Binti_Tukuyu

Imeelea! Ni koki kweli. Asante sana kaka.

Mwana_Uyole

Hongera dada. Suala la vifaa, kwa wanaouliza pembeni: toleo la 2021 limejengwa kwa Unreal Engine (injini ya kutengenezea magemu), linahitaji kadi ya picha ya maana. Mwenye laptop ya kawaida au simu ya Android atumie ScummVM, programu ya kuchezeshea magemu ya zamani; inachezesha toleo la zamani vizuri mradi awe na mafaili halali ya gemu. Na kwa umeme wetu wa masika, mwenye kompyuta ya mezani ahifadhi mchezo kila anapotoka kwenye ulimwengu mmoja.

Kihesa_Juu

La mwisho kwa wanaokusanya kurasa nyekundu na bluu za vile vitabu viwili vya maktabani: unabeba ukurasa MMOJA tu kwa wakati. Ukiwa na mwekundu mkononi ukagusa wa bluu, mwekundu unarudi ulikotoka. Kwa hiyo kila ulimwengu utauingia mara mbili ukitaka zote. Fumbo ulilokwisha kulifungua linabaki wazi, safari ya pili ni ya dakika chache.

Mdau_Mafinga

Na swichi za alama zikishawaka zote 8, kumbukeni ile ya gatini ina kazi ya pili. Siisemi hapa. Someni tena barua ya njiani na msikilize ujumbe wa kule mlikoweka 08.